Utepe wa Mtoto wa Watu

Mama mkubwa aliyenilea alikuwa na tabia moja iliyonitia aibu utoto wangu wote. Akikutana na mwanamke barabarani, wajuane wasijuane, kabla salamu haijaisha ameshainama, ameshika pindo la gauni la mwenzake na kuligeuza aone limeshonwaje kwa ndani. "Nani kakushonea hili? Kakuibia!" Wengine walicheka, wengine walimpa maneno yake, na mmoja, mke wa mkuu wa posta, alimtandika mkoba wa kichwa mchana kweupe. Mama mkubwa aliokota miwani yake chini, akaifuta, akasema, "Hata ukinipiga, kakuibia." Ndipo mtaa mzima ukamwita Bi Pindo, na yeye akaitika.

Nasema alikuwa kwa sababu hayupo tena, na hata duka lake halipo. Pale siku hizi wanauza simu, na ukuta wameupaka rangi ya chungwa inayoumiza macho. Mimi nikifika pale huvuka barabara nikapita upande wa pili. Watu husema nina kiburi. Waseme.

Enzi zetu kilikuwa chumba kimoja tu, chenye cherehani tatu za kukanyaga na meza ya kukatia iliyotokana na mlango wa zamani wa shule. Kitasa kilishang'olewa lakini tundu la ufunguo lilibaki, na nilipokuwa mdogo niliingiza humo vipande vya uzi mpaka nikala kofi. Kulikuwa na harufu ya pasi ya moto juu ya pamba iliyonyunyiziwa maji. Kila jioni kabla ya kufunga, mama mkubwa alipitisha sakafuni sumaku aliyoifunga kwenye fimbo, akaokota pini zote na kuzirudisha kwenye kopo la bati. Mlio ule wa pini kuingia koponi, jamani! Nikiusikia leo mahali popote, nasahau nilikuwa nasema nini.

Mama yangu mzazi alikuwa mdogo wake. Alifariki nikiwa na miaka minne, na mama mkubwa akanichukua siku hiyo hiyo, akanipimia gauni na kunishonea. Ndani ya nyumba yetu habari za mama hazikuzungumzwa. Si kwa ubaya. Ukimtaja tu, mama mkubwa alianza kutafuta mkasi, na mkasi anao mkononi. Mimi nikajifunza kutomtaja, kama mtoto anavyojifunza kutogusa pasi.

Picha iliingia dukani nikiwa na miaka tisa. Familia moja ya wageni ilikuwa inahama, vyombo vyao vikapigwa mnada nje ya nyumba, na mama mkubwa akatamani mapazia yao ya kitambaa kizito. Akayapata, yamefungwa kwa kamba kama godoro. Kuja kuyafungua mezani kwetu, ndani yake tunamkuta binti. Ni picha ya rangi ya mafuta, fremu yake ya mbao imeliwa kidogo na wadudu pembeni. Binti mwenyewe ni wa miaka kumi na mitano, kumi na sita hivi, mtu wa mbali kabisa na sisi, nywele za rangi ya majani makavu zimegawanywa katikati. Amevaa gauni la kijivu lenye kola nyeupe. Ameweka mkono mmoja juu ya mwingine, anakutazama moja kwa moja usoni, na kando yake kinaonekana kiti kitupu, nusu tu. Kwenye mkono wa kushoto wa gauni, juu ya kiwiko, umeshonwa utepe mweusi wenye upana wa vidole viwili.

Mama mkubwa alirudi mnadani kuirudisha. Dalali akamcheka: "Mama, nenda naye. Mtoto wa watu hana pa kwenda." Akarudi naye kwapani, akamtundika juu ya kiti cha dirishani, mahali palipokuwa na doa la unyevu ukutani, na jina likawa hilo hilo: Mtoto wa Watu.

Basi kila aliyeingia akamsoma kwa jicho la kazi yake. Kinyozi wa jirani alisema nywele zile zimekatwa kwa mkasi butu, kwa hiyo kwao hakuna kinyozi wa maana. Fundi viatu alikasirika kabisa kwa sababu mchoraji hakuchora miguu. "Utamjuaje mtu bila viatu vyake?" Mwalimu wa darasa langu alisema ni binti wa mfalme, na mama mkubwa akamjibu papo hapo, "Binti wa mfalme havai gauni lililoshushwa mikono mara mbili." Maana yeye alikuwa ameshaona kila kitu. Aliona mistari miwili hafifu ya mapindo ya zamani kwenye kila mkono, mahali nguo ilipolegezwa mtoto alipokua. Aliona kwamba kifungo cha tano hakifanani na vile vinne, na kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, tena vibaya, kimeinama. "Mchoraji si mwongo huyu," alisema. "Ila mama wa huyu mtoto ni mvivu. Unampeleka binti kwa mchoraji na kifungo kile? Aibu!" Kila alipomfuta vumbi alimsema yule mama. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kugeuza pindo.

Na utepe? Utepe aliutolea hukumu siku ya pili tu. Nani anaingia gharama ya kumchora binti ambaye hajaposwa? Picha ile ilipelekwa kwa wakwe wamwone mchumba. Kiti kitupu ni cha bwana harusi, na utepe ni alama kwamba huyu tayari ana mwenyewe, wengine mpite mbali. Hoja ilikaa kama gauni lililopimwa vizuri. Hakuna aliyebisha, na mimi hadi leo nikiifikiria naona ilikuwa na akili, isipokuwa haikuwa kweli.

Mwaka ule ule akamshonea bibi harusi mmoja gauni jeupe, akambandika utepe mweusi wa satini mkono wa kushoto. Niwaambie ukweli, lilipendeza! Weupe ule wote, halafu ule mstari mmoja mweusi, mkono ukaonekana mkono. Wakaanza kuja. Walitoka mitaa ambayo hatukuijua, wanaingia na kusema, "Bi Pindo, nataka wa Mtoto wa Watu." Kwa miaka kumi na tano hakuna bibi harusi wake aliyetoka bila ule utepe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeushona, kwa mkono, mshono wa kuficha usioonekana hata kwa miwani. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Aliyekaa chini ya ile picha alikuwa mwanamke wa vifungo. Tulimwita Vifungo tu. Alikuja akiwa msichana, akakata na kushona matundu ya vifungo upesi kuliko mashine yoyote, na kelele zake zilijaa duka zima. Nikiwa na miaka kumi na mitatu akaolewa na fundi bomba mwembamba mwenye kucheka ovyo. Mama mkubwa alimshonea gauni bure, na utepe juu. Mwezi wa saba wa ndoa mume akashikwa na mapafu, wiki tatu, akafa. Vifungo akarudi kazini baada ya siku arobaini, akakaa kwenye kiti chake, na hatukumsikia tena akipiga kelele. Watu wakamwuliza kuhusu binti wa ukutani, yeye alikuwa na jibu moja: "Ana maringo huyo. Mtazame." Basi.

Sasa niingie penyewe. Nikiwa na miaka ishirini na minne nikapata mchumba, fundi umeme, na mama mkubwa akachanganyikiwa kwa furaha. Alikuwa amenifundisha kazi yote, lakini gauni langu alikataa nisiliguse. "Bibi harusi hajishonei. Kaa pale, ukue." Alikata kitambaa akiimba, yeye ambaye hakuwa na sauti. Nilikuwa nimeota gauni lile tangu nikiwa na urefu wa meza. Wasichana wengine wana mama wa kuwasindikiza. Mimi nilikuwa na mikono ya yule mwanamke, nikataka nitoke mlangoni nimeivaa. Sikutaka kingine.

Zilikuwa zimebaki siku nane. Gauni lilikuwa limevalishwa sanamu ya kupimia katikati ya duka, mkono wa kulia bado haujaingizwa, pindo halijakunjwa, na kwenye mkono wa kushoto utepe umeshikizwa kwa pini mbili. Akaingia muuguzi. Alikuwa mtoto wa mtaa wetu aliyekwenda kufanya kazi ughaibuni, kutunza wazee majumbani mwao, huko huko walikotoka watu wa sura ya binti yetu. Miaka kumi na miwili hajarudi. Alileta gauni libanwe kiunoni. Mama mkubwa akapiga magoti, pini tano mdomoni, akaanza kazi. Muuguzi akazungusha macho ukutani.

"Jamani, maskini. Huyu kafiwa na nani?"

"Nani kafiwa?" nikauliza mimi.

"Si huyo binti? Ana utepe mweusi mkononi. Kule kwao zamani mtu akifiwa na wa damu yake hushona hivyo kwenye nguo, anauvaa mwaka mzima watu wajue wampe nafasi. Bibi niliyekuwa namwogesha alinionyesha picha za ndugu zake, wote wamevaa hivyo hivyo." Kisha akageuka, akaliona gauni langu. Akafunga mdomo. Angeufunga mapema, lakini ndiyo hivyo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji akaugua.

Mama mkubwa alizitoa pini mdomoni moja moja, akaziweka sakafuni. Nyuma yetu Vifungo alisimama. Alichomeka sindano yake kwenye mto, akasema kichwa kinamuuma, akatoka, na mlango hakuufunga.

Mtaa wetu hauna siri. Mpaka alasiri wanawake walishajaa dukani, wengine wameleta na magauni yao ya harusi kwenye mifuko. Mmoja alisema ndiyo maana hakupata mtoto kwa miaka sita. Mwingine alitaka utepe utolewe pale pale mbele ya macho yake. Na mwingine, mwenye sauti kama honi, aliwasukuma wenzake akaja mbele: "Bi Pindo, wangu ni mzima, anakula sahani mbili na anakoroma. Huo utepe wako haufanyi kazi, nirudishie pesa zangu!" Tukacheka, hata yule wa miaka sita akacheka. Mama mkubwa hakucheka. Alikuwa anaangalia mlango.

"Vifungo karudi?" aliniuliza.

"Bado."

Hakurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Mama mkubwa alichukua kipande cha pazia, akaifunika picha. Akavisha gauni langu shuka. Akakaa kwenye kiti cha Vifungo, mikono mapajani, na mtu aliyeleta nguo aliambiwa arudi wiki ijayo. Miaka ishirini nilikaa naye sikuwahi kuiona mikono ile imetulia, hata usingizini ilikuwa ikichezea shuka. Niliogopa, nisidanganye.

"Mama mkubwa, wanawake wamesamehe. Wanacheka."

"Yule hacheki. Nilimvisha msiba mtoto wa mwenzangu siku ya furaha yake. Nikamwambia ageuke nimwone vizuri. Nikapiga makofi."

"Kwani ulijua?"

"Fundi haulizwi alijua nini, mwanangu. Anaulizwa kashona nini."

Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, akasema lile neno. Aliniambia bila kunitazama, "Nenda mjini kanunue gauni la dukani. Mimi kitambaa cheupe sigusi tena."

La dukani! Nguo hizo yeye ndiye aliyezipa jina, aliziita nguo za yatima, kwa sababu hazina mtu wa kuulizwa. Alizicheka zikining'inia madirishani, alituzuia hata kuzijaribu. Sasa mimi ndiye niambiwe nikavae nguo ya yatima siku ya harusi yangu. Nilitoka nje nikalia ukutani kama mwehu, watu wanapita. Mchumba wangu akaja, akanibembeleza kwamba yeye atanioa hata nikivaa gunia. Wanaume wana moyo mzuri lakini wakati mwingine afadhali wanyamaze. Nikafuta uso, nikaenda kwa Vifungo.

Alikaa chumba kimoja cha uani, na nilimkuta anapiga pasi shuka ambazo zilishapigwa pasi. Nilimwamkia. Akaitika, akanionyesha kitanda nikae. Nilikuwa nimejiandaa kuomba, lakini hasira ikanitangulia.

"Dada, unataka mama mkubwa afe? Amekaa kwenye kiti chako kama sanamu. Mumeo hakuuliwa na utepe!"

"Najua," akasema, hata pasi hakuisimamisha. "Aliuliwa na mapafu. Nilikuwepo. Wewe unadhani mimi mjinga?"

"Sasa umemkasirikia nini?"

"Nani kakwambia nimemkasirikia yeye?" Akaiweka pasi wima. "Unakumbuka mwaka ule niliporudi kazini? Mtaa ulisema nini juu yangu?"

Nilikumbuka vizuri mno.

"Sema."

"Walisema umepata maringo."

"Na wewe ulisema."

"Nilisema, dada. Nilikuwa mtoto."

"Sikuwa na maringo. Nilikuwa nimeubana uso usimwagike. Ukiuachia kidogo tu unamwagika wote, na wateja wamejaa mlangoni wanataka vifungo vyao. Kwa hiyo unamtazama mtu hivi." Akanitazama. Wallahi, niliyajua yale macho. Nilikua chini ya yale macho. "Miaka kumi na mmoja nimekaa chini ya yule mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu ana maringo. Mimi! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, haya, nyinyi nawasamehe. Lakini mimi nilikilalia. Nilipaswa kumjua kabla ya wote, nikampita kama mlivyonipita. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa."

Nilimwomba tu aje amwambie mama mkubwa hivyo hivyo alivyoniambia mimi. Akafikiri, akachomoa pasi ukutani, akajifunga kanga. Tulipofika kona ya duka alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama mkubwa alipomwona mlangoni alisimama kwenye kile kiti haraka, kama mtu aliyefumaniwa. "Nisamehe," alisema. Vifungo akamwambia, "Hakuna la kusamehe, Bi Pindo. Kaa." Akapanda juu ya kigoda, akaliondoa pazia, akaishusha picha na kuiegemeza mezani, kwenye mwanga. Kisha akayasema yote aliyoniambia, polepole.

Mama mkubwa alisikiliza huku anamtazama binti. Alivaa miwani. Akainama mpaka pua ikakaribia turubai, kama alivyoinamia mapindo ya watu maisha yake yote, akanyoosha kidole.

"Kifungo kakishona mwenyewe," akasema.

"Nani?"

"Huyu mtoto. Hebu ona kilivyoinama. Mtu anayeshona kifungo akiwa ameivaa nguo mwilini ndivyo kinavyotoka, hawezi kuvuta uzi sawasawa. Na mikono ya gauni, mara ya kwanza imeshushwa na mtu anayejua kazi. Mara ya pili mstari umepinda. Aliyeishusha mara ya kwanza hakuwepo mara ya pili." Akakigusa kile kiti kitupu. "Kiti ni cha mama yake. Na mimi miaka kumi na tano namtukana marehemu wa watu, namwita mvivu."

Akavua miwani. "Pole, mwanangu," akamwambia binti. Alisema kwa adabu kamili, kama mtu aliyechelewa kufika msibani na hana kisingizio. Vifungo akageukia ukutani, akilia. Mimi niliangalia ule uso ambao nimeufuta vumbi tangu nikiwa na miaka tisa, na nikaona aibu, kisha nikaona wivu. Ndiyo, wivu. Huyu alikuwa mtoto asiye na mama kama mimi, lakini yeye kwao walimpa kitu cha kuvaa watu wajue.

"Mama mkubwa," nikasema. "Mimi utepe nautaka."

"Una wazimu? Umesikia maana yake."

"Nimesikia. Ndiyo maana nautaka." Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza siku hiyo nitanyamaza maisha. "Jumamosi natoka mlangoni na mama yangu hayupo. Nimekua ndani ya nyumba hii simtaji. Hata sauti yake siijui ilikuwaje. Sitaki gauni la dukani na sitaki gauni lisilo na utepe. Nataka uniwekee wewe, ukijua unachokishona."

Nilingoja atafute mkasi. Hakuutafuta. Alinitazama, na uso wake ukaanza kulegea kutoka kwenye kidevu kwenda juu, uso ambao nilikuwa nimeuzoea umekazwa hivi kwamba nilidhani ndivyo ulivyoumbwa.

"Sauti yake ilikuwa nene," alisema mwishowe. "Kama ya mwanamume. Akiimba, mbwa wa jirani wanaitikia. Nilimcheka kila siku."

Akaondoa shuka kwenye gauni. Akakaa, akaliweka mapajani, akang'oa zile pini mbili na kuanza kushona, na huku anashona anasimulia. Alivyopenda kulala mchana. Alivyonibeba mgongoni akicheza, nikamtapikia shingoni, akaendelea kucheza. Alivyoungua mkono kwa pasi akifundishwa kazi akasema basi, cherehani na yeye wameachana. Machozi yalimdondoka kwenye kitambaa cheupe, na alipoona nayatazama akafoka, "Maji hayaachi doa! Nimekufundisha nini?" Vifungo alivuta kigoda, akaanza kuingiza mkono wa kulia bila kuambiwa. Tulifanya kazi hivyo mpaka jua likaondoka dirishani, watatu, na hakuna aliyewasha redio.

Alipofika kwenye mshono wa mwisho alikata uzi kwa meno, akalipiga gauni vumbi ambalo halikuwepo, akanipa nilishike. Utepe ulikuwa umekaa sawasawa, mshono hauonekani. Nikadhani tumemaliza. Lakini yeye alikivuta kile kibunda cha utepe mweusi, akampa Vifungo pamoja na mkasi, akamnyooshea mkono wake wa kushoto.

"Na mimi nikatie," akasema. "Alikuwa mdogo wangu."